Ng'ombe asitoke zizini kwanza: vipimo vya mtoto aliyechelewa kukua

SWALI: Salaam daktari. Mimi nauza mukene, wale dagaa wa ziwani, sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Mtoto wangu wa kwanza ni mvulana, ana miaka 2 na miezi 3. Alikaa akiwa na miezi 11, akatembea akiwa na miezi 22, na mpaka leo anasema "mama" na "ba", basi. Siku ya kumzaa uchungu ulinichukua siku mbili, na alipotoka hakulia mpaka wakampulizia hewa. Akiwa na miezi 10 alishikwa na malaria, akapata degedege mara moja, tukalazwa siku tatu. Sasa kliniki moja ya binafsi wameniandikia CT ya kichwa (picha ya mionzi), EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), damu za aina nyingi, na kipimo cha jeni ambacho damu inapelekwa India. Jumla yake inapita bei ya ng'ombe wetu wa maziwa. Mume wangu anasema tuuze. Mama mkwe anasema tusipoteze mali, baba yake mtoto naye alichelewa kusema. Nami nina mimba ya miezi mitatu, naogopa huyu naye asije akawa hivyo. Nianze na kipimo gani?

JIBU: Dada yangu, ng'ombe asitoke zizini kwa sasa.

Hiyo karatasi uliyopewa haina kipimo cha uongo. Kila kimoja kina mtoto anayekifaa. Ila imeandikwa kama orodha ya kwenda dukani, vyote kwa mpigo, na aliyeiandika sidhani kama alikaa chini na mtoto. Kipimo ni swali unaloiuliza damu au mashine. Ukienda bila swali, mashine itakupa picha, keshia atakupa risiti, na utarudi Busia ukijua yaleyale uliyokuja nayo.

Nianze na mama mkwe, maana ndiye unayeishi naye. Ana nusu ya haki. Kuna koo ambazo watoto wa kiume huchelewa kusema, halafu siku moja wanaamka wanagombana kama watu wazima. Lakini wako hakuchelewa kusema tu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika nchi 5, Ghana ikiwa mojawapo, likaona kwamba karibu wote walikaa bila kushikwa ifikapo miezi 9 na siku chache, na wakatembea wenyewe kabla ya miezi 18. Wako alikaa na 11, akatembea na 22. Mwili umechelewa na ulimi umechelewa. Mtoto aliye chini ya miaka 5 akichelewa sana katika mambo mawili au zaidi, sisi tunasema amechelewa kwa jumla, na hapo kutafuta chanzo kuna maana. Muulize mama mkwe kwa heshima: baba yake mtoto alitembea lini? Akisema "miguu ilikuwa myepesi, ulimi tu ndio ulikuwa mzito", basi baba na mwana hawafanani, na hapo utakuwa na la kumjibu bila kumvunjia adabu.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe, kuna jambo humo hukuliona. Malaria ilimshika akiwa na miezi 10. Wakati huo alikuwa bado hajakaa. Maana yake alikuwa ameshachelewa kabla mbu hajamuuma. Huenda malaria iliongeza mzigo, lakini haiwezi kubebeshwa hatia yote. Hili halikugharimu hata shilingi; limetokana na kupanga tarehe tu. Ndiyo sababu mimi kipimo changu cha kwanza ni maneno ya mama na kadi ya kliniki, na nakipa karibu saa nzima.

Siyapuuzi malaria na uzazi, usinielewe vibaya. Malaria ya kichwani, ile ya mtoto kupoteza fahamu, ni mwizi mkubwa. Watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotibiwa malaria hiyo katika hospitali ya Mulago, Kampala, walifuatiliwa, na miaka miwili baadaye takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri au kukumbuka. Na huku mashariki, jirani zako wa Iganga na Mayuge, utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1000 wana mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo ulioumia, na katika robo yao chanzo kilionekana kuja baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, malaria ya kichwani ikiwa mbele. Kwa hiyo nitakuuliza: baada ya lile degedege, aliamka baada ya muda gani? Kama baada ya nusu saa alikuwa anakutambua na kutaka ziwa, lile lilikuwa degedege la homa, na degedege la homa la mara moja haliharibu ubongo. Kama alilala siku nzima hajitambui, hiyo ni habari nyingine.

Na siku ya kuzaliwa hivyohivyo. Watoto wengi huchelewa kulia, wakapulizwa, wakalia, wakakua vizuri. Hewa ikikosekana kiasi cha kuumiza ubongo, mtoto huonyesha siku hizohizo za mwanzo: anakuwa mlegevu kama kitambaa, hanyonyi, anapata degedege kabla ya siku ya tatu, analazwa kwa wiki nzima au zaidi. Wako alinyonya lini? Mlitoka hospitali siku ya ngapi? Je, aligeuka manjano sana macho na mwili wiki ya kwanza? Kama alinyonya siku ileile na kesho yake mkarudi nyumbani, mimi nitasita kuulaumu uzazi, hata kama kila mtu mtaani ameshaulaumu.

Baada ya maneno huja mikono. Namweka mtoto chini kwenye mkeka, namrushia funguo zangu, natazama anazifuataje. Nampa punje ya haragwe: anaichukua kwa vidole viwili, au anaikokota kwa kiganja kizima? Mkono mmoja unafanya kazi kuliko mwingine? Mtoto wa miaka miwili anayetumia mkono mmoja tu huwa hajachagua mkono wake. Mara nyingi wa pili ndio una tatizo. Kisha namlaza chali nikimtazama anavyoinuka. Mvulana aliyechelewa kutembea akiinuka kwa kujipanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono, kama mtu anayepanda ngazi, na vigimbi vyake vimenenepa isivyo kawaida, mimi naacha habari za ubongo na naandika kipimo cha damu kinachoitwa CK, cha kuangalia misuli, kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi wa misuli unaowapata wavulana. Jina lake ni Duchenne. Unaona jinsi CT ya kichwa ingekuwa hela ya bure kwa mtoto huyo.

Halafu tepu. Tepu ya fundi cherehani, hiyohiyo ya sokoni kwako. Izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio, nyuma ipite pale kisogo kilipotokeza zaidi. Rudia mara tatu, chukua namba kubwa. Kadi nyingi ninazoletewa zina uzito kila mwezi, lakini mahali pa kichwa ni peupe, na hilo hunikera kila siku. Mvulana wa umri wa wako huwa na kichwa cha sentimita 48 au 49 hivi. Chini ya 46 kinaanza kunitia wasiwasi. Lakini namba moja haisemi mengi kama namba tatu za miezi mitatu tofauti. Kichwa hukua kwa sababu ubongo unakua ndani yake. Kikikoma kukua, kuna linalosemwa. Na kikikua mbio kupita kiasi, utosi ukavimba, macho yakawa yanaangalia chini, hapo sahau foleni zote, panda taksi ya Mbale siku hiyohiyo. Hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale kazi yake kubwa ni maji ya kichwani, na pale ndipo daktari wa upasuaji Benjamin Warf alipoanza, mwaka 2001, njia ya kutoboa mkondo wa maji ndani ya ubongo kwa kamera ndogo badala ya kumwekea kila mtoto mrija wa kudumu. Sehemu kubwa ya watoto wanaofika pale maji yao yametokana na maambukizi ya siku za mwanzo za uhai, jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo kwa sababu kwao si tatizo kubwa.

Sasa masikio. Hapa nitakuambia kosa langu. Miaka ya nyuma, nikiwa daktari kijana, nililetewa binti wa miaka mitatu asiyesema neno. Nilimwandikia picha ya kichwa. Wazazi wakachanga, wakauza, wakaenda, wakarudi na bahasha kubwa: ubongo safi kabisa. Nilifurahi nikadhani nimewapa habari njema. Ni nesi mmoja mtu mzima aliyesimama nyuma ya yule binti akaliangusha sahani la chuma sakafuni. Chumba kizima tuliruka. Binti akaendelea kuchezea kamba ya kiatu changu. Alikuwa kiziwi tangu ile homa ya uti wa mgongo aliyougua akiwa mchanga, na ugonjwa ulikuwa umeandikwa kwenye kadi yake, ukurasa wa pili. Sikuufungua.

Tangu hapo mtoto yeyote asiyesema, kwangu huanza na masikio. Na usiniambie "anasikia daktari, mlango ukibamizwa anageuka". Mlango ukibamizwa, sakafu hutetemeka na upepo hupiga. Kiziwi naye anageuka. Jaribu nyumbani akiwa hakuoni na chumba kimetulia, ita jina lake kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kunong'ona. Hicho ni kionjo tu. Kipimo chenyewe ni kimashine kidogo kinachowekwa mlangoni mwa sikio, kinatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani, hakiumi, mtoto akilala ndiyo vizuri zaidi. Kikitia shaka, kipo kingine cha kubandika waya tatu au nne kichwani, kinaangalia kama sauti inafika kwenye ubongo. Ulizia kliniki ya masikio kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbale iko karibu nawe. Kama wako amewahi kutokwa usaha sikioni, au aliwahi kuchomwa sindano za jentamisini, dawa ya kuua bakteria, siku nyingi alipokuwa mchanga, sema bila kuulizwa. Ukiziwi hauelezi kuchelewa kwake kukaa, lakini mtoto mmoja anaweza kuwa na mambo mawili, na hili moja lina msaada.

Twende kwenye damu. Hapa nina ugomvi mdogo na wenzangu wanaofuata miongozo ya nje neno kwa neno. Ukisoma ya Marekani, kipimo cha tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, hakisisitizwi kwa mtoto aliyechelewa. Kwa nini? Kwa sababu kwao kila mtoto hutobolewa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, matone yakakaushwa kwenye karatasi na kupimwa. Mtindo huo wa karatasi aliuanzisha Mmarekani Robert Guthrie miaka ya 1960. Mtoto wao akifika miaka miwili, swali la tezi lilishajibiwa. Wako nani alimtoboa kisigino? Sisi karatasi hiyo tunaijua, lakini kwa kazi nyingine: mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa nayo akiwa na wiki 6. Na kati ya 2014 na 2015 matone hayohayo ya watoto karibu 100,000 wa nchi nzima yalitumika kupima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ikaonekana 13.3% ni wabebaji wasiougua na 0.7% ni wagonjwa. Tezi haikuwemo. Kwa hiyo hapa Uganda mimi naweka kipimo cha tezi mstari wa kwanza, hata kama mtoto hana dalili.

Dalili zenyewe: manjano iliyokataa kuisha alipozaliwa, choo kigumu, ngozi kavu, sauti ya kukwaruza akilia, ulimi mnene unaotaka kubaki nje, kimo kifupi. Kitovu kilichotokeza nacho kimo vitabuni, lakini huku kwetu watoto wazima wengi wanacho, hivyo peke yake hakithibitishi kitu. Damu inapimwa TSH na T4, homoni zinazoonyesha kazi ya tezi, bei yake haikaribiani na ya CT. Akikutwa na upungufu, dawa ni kidonge kwa siku, maisha yake yote. Kingeanza wiki ya pili ya maisha angekuwa sawa na wenzake. Kikianza leo hakirudishi yote yaliyopotea, lakini kinazuia yasipotee mengine. Kila mwezi unaopita una bei. Ndiyo maana kinatangulia.

Na hiyo ndiyo njia yangu ya kupanga foleni: kinachoharibika kwa kusubiri hupimwa kwanza. Tezi inaharibika kwa kusubiri. Masikio vilevile. VVU vilevile; huenda ulipimwa ulipokuwa na mimba yake ukaambiwa uko salama, lakini mama anaweza kupata wakati wa kunyonyesha, na virusi hivyo huumiza ubongo unaokua. Kwa umri wake kile cha haraka cha kutoboa kidole kinatosha, na kituo cha afya cha serikali hakikutozi. Wingi wa damu nao upimwe. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016, zaidi ya nusu ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu. Ukosefu wa madini ya chuma haufanyi mtoto atembee na miezi 22 peke yake, ila unamfanya mzito na asiyetaka kucheza, na mtoto asiyecheza hajifunzi. Wewe unauza mukene; msagie, umtie kwenye uji, usimuuzie jirani wote.

Selimundu ipimwe kama haijapimwa, hasa kama huwa anavimba vidole au kupungukiwa damu mara kwa mara, kwa kuwa huweza kuziba mishipa ya ubongo kimyakimya. Madini ya risasi, nauliza tu: kuna mtu nyumbani anayevunja betri za gari au kuyeyusha vyuma? Anakula udongo? Kama hapana, tunapita.

Damu za "aina nyingi" zilizobaki kwenye karatasi yako, zile za kutafuta magonjwa ya mwili kushindwa kusaga chakula fulani, zina watoto wake: anayetapika na kuzimia kila akikaa na njaa, mwenye mkojo wa harufu ya ajabu, aliyefiwa na ndugu wachanga wawili watatu bila sababu, mtoto wa wazazi walio ndugu wa damu. Na zaidi ya wote, mtoto anayerudi nyuma. Alikuwa anasema maneno kumi, sasa matatu. Alikuwa anatembea, sasa anakaa. Kuchelewa ni jambo la kupangia miadi. Kurudi nyuma ni dharura, hata kama ni neno moja. Barua yako haisemi hivyo, nami nashukuru, lakini lishike hilo.

Picha ya kichwa. CT hutumia mionzi, na mtoto wa miaka miwili halali kimya mpaka apewe dawa ya usingizi. Inaona damu iliyovuja, maji, mifupa, chembe za chokaa zilizoachwa na maambukizi ya tumboni. Mambo madogo ya jinsi ubongo ulivyojipanga haiyaoni vizuri. Hayo ni ya MRI, picha ya sumaku, ambayo ni ghali zaidi na usingizi wake ni mrefu zaidi. Naiomba picha kichwa kikiwa kikubwa au kidogo kupita kiasi, upande mmoja wa mwili ukiwa dhaifu, degedege likirudi bila homa, au mtoto akirudi nyuma. Kwa mtoto anayetembea sawasawa miguu yote miwili, kichwa cha kawaida, asiye na degedege, picha mara nyingi hurudi safi, au hurudi na kovu la zamani. Kovu halina dawa. Sisemi kujua hakuna thamani. Nimeona baba aliyeacha kumlaumu mkewe, na bibi aliyeacha kupeleka kuku kwa mganga, kwa sababu tu waliliona lile kovu kwenye picha. Lakini hiyo ni thamani ya kununua ukiwa na akiba, si kwa maziwa ambayo mtoto huyohuyo anayanywa.

EEG ni ya degedege. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, kule kaskazini mwa Uganda, waliokuwa wanatikisa kichwa, watu wakisema ni mapepo, EEG ndiyo iliyoonyesha kwamba kutikisika kule kwenyewe ni kifafa. Hapo kilikuwa na swali. Wako kama hakodoi macho ghafla akawa hayupo, hashtuki kwa kujikunja kunja mfululizo anapoamka, na hajapata degedege tangu lile la homa, kifute.

Sasa jeni. "Kipimo cha jeni" si jina la kipimo, kama vile "samaki" si jina la samaki. Chukua hivi: kila chembe ya mwili ina stoo yenye magunia 46 ya samaki: magunia ndiyo kromosomu, samaki ndio jeni. Kipimo cha kwanza na cha zamani kinahesabu magunia na kuona kama moja limechanika vibaya. Ndicho kinachothibitisha hali ya kuzaliwa iitwayo Down, mahali penye gunia la ziada. Ukiwaondoa watoto wa Down, kinapata jibu kwa watoto 3 hivi kati ya 100 waliochelewa. Cha pili kinapima uzito, kinaona gunia lililopungua kilo mbili ingawa kwa nje limejaa. Hicho hupata jibu kwa 15 hadi 20 kati ya 100. Cha tatu kinamwaga magunia chini na kupekua samaki mmoja mmoja, na hicho hufikia theluthi au zaidi kidogo. Waulize hao wa kliniki: mnatuma kipi kati ya hivi, na majibu yakirudi nani atakaa nami anieleze? Kama hawana jibu la swali la pili, la kwanza halina maana.

Kuna jambo jingine halisemwi wanapokuandikia. Majibu ya aina ya tatu hulinganishwa na kumbukumbu za watu waliokwisha kupimwa, na wengi wao wana asili ya Ulaya. Damu ya Mwafrika ikifika huko huonyesha mabadiliko mengi ambayo hakuna ajuaye kama ni ugonjwa au ni sisi tu tulivyo. Unaweza kulipa bei ya ng'ombe ukaletewa "limeonekana badiliko, maana yake haijulikani". Ningekuandikia kipimo hiki mapema kama sura yake ingekuwa na alama fulani, au ana tundu la moyo, au wajomba zako wawili, kaka za mama yako, nao walikuwa wazito wa akili, au wewe na mumeo ni ndugu. Vinginevyo kitasubiri. Jeni haziozi, alizozaliwa nazo ndizo atakazokuwa nazo mwakani. Hata vikifanywa vyote, vya bei nafuu na vya ghali, watoto wengi hubaki bila jina la chanzo, na wengine kati yao huendelea vizuri tu.

Kuna jambo halina kipimo cha damu wala picha: usonji (autism), mtoto anayepata shida kuwasiliana na kushirikiana na wenzake. Anakutazama machoni? Akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole, kisha anakugeukia kuona kama umeona? Hapo anayehitajika ni mtu aliyezoea kutazama watoto wakicheza.

Nawe usisubiri jibu lolote ili kuanza kumsaidia. Fiziotherapia na mafunzo ya kusema hayaulizi chanzo. Ukiwa sokoni naye, kila unachoshika kitaje kwa neno moja: "kikombe". Subiri, hesabu kimyakimya mpaka kumi, umwachie nafasi ajaribu. Akisema "ki" mpe kikombe. Simu ukiwa nayo mrekodi video fupi akila, akicheza, akiinuka kutoka chini, na akifanya chochote kinachokutia shaka. Dakika moja ya video hunieleza mengi kuliko mtoto aliyetoka safarini amechoka, analia mbele ya mgeni mwenye koti jeupe.

Kuhusu hiyo mimba. Sioni katika barua yako kitu kinachosema ugonjwa uko kwenye damu yenu, na siwezi kukuapia kwamba haupo kabla ya kumwona mtoto. Ninachokiona wazi ni uchungu wa siku mbili na mtoto aliyepulizwa. Hilo linaweza kujirudia, na hilo lina la kufanywa. Nenda kliniki mwezi huu, upimwe VVU na kaswende, uanze vidonge vya chuma, ulale ndani ya chandarua. Tafuta sasa hivi, si mimba ikifika mwezi wa tisa, mahali pa kujifungulia penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, na wewe na mumeo mkubaliane ni boda gani ataitwa na hela yake iwekwe pembeni. Mkunga siku ya kwanza atakuuliza umezaa mara ngapi. Usijibu "mara moja" ukanyamaza. Mwambie palepale kwamba uchungu ulichukua siku mbili na mtoto hakulia, na hakikisha ameliandika kwenye kadi.